Soketi Imegeuka Manjano Juu ya Tanuri la Kuni: Je, Kuna Hatari?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi na wifi yangu huoka mikate na nyama za oda katika nyumba ya familia hapa Kibokoni, Mji wa Kale. Fundi wa chuma alitupachikia tanuri la kuni ndani ya shubaka la ukuta, na chini yake akaweka feni ya umeme ya kusukuma hewa ya moto. Juu ya tanuri, upande wa kulia, kuna soketi ambayo nyaya zake hupita ukutani nyuma ya tanuri. Kifuniko cha soketi hiyo kimegeuka manjano, na jioni, moto ukiwa umeshazimwa, tunasikia harufu ya plastiki. Breka haijawahi kuanguka. Fundi anasema tuzizungushie nyaya utepe na kitambaa cha kuzuia joto. Je, yatosha? Na waya wa feni upitishwe wapi?
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Shauri la utepe na kitambaa silikubali hata kidogo, na nitaeleza sababu. Kwanza nawaomba mshushe breka ya sakiti hiyo leo, wala msiipandishe mpaka fundi wa umeme ameifungua soketi na kuikagua.

Harufu hiyo ya jioni ndiyo inayoeleza mambo. Kuta za nyumba za Mji wa Kale ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupokea joto polepole na kuliachia polepole vilevile. Kuni zinapokuwa zimekwisha, joto bado linasafiri ndani ya mawe, hivyo waya uliozikwa nyuma ya tanuri huenda ukapata joto lake kali zaidi saa moja au mbili baada ya nyinyi kumaliza kazi. Kitambaa huchelewesha joto tu. Ukuta ukikaa moto kwa saa nyingi, kilichomo ndani ya kitambaa nacho hufikia joto lile lile. Isitoshe, waya unaopitisha umeme hutoa joto lake wenyewe, na mkiufunika mnalizuia lisitoke. Utepe wa kawaida wa mafundi nao ni plastiki, na gundi yake huyeyuka.

Waya wa kawaida wa majumbani una ganda la PVC lililotengenezwa kustahimili nyuzi 70 za Selsiasi, na hizo 70 ni jumla ya joto la mahali na joto la umeme unaopita. Ndiyo maana uwezo wa waya hupungua kadiri mahali panavyokuwa na joto. Kwa hesabu wanayoitumia wahandisi, waya wa PVC unaoweza kubeba ampea 20 mahali penye nyuzi 30 hubaki na uwezo wa ampea 10 tu mahali penye nyuzi 60. Sasa tazama jikoni kwenu: birika la umeme la wati 2000 huvuta zaidi ya ampea 8 katika umeme wetu wa volti 240, na kifaa kingine cha wati 1200 huvuta 5. Jumla ni 13. Ikiwa breka yenu ni ya ampea 20, haitaona kosa lolote, huku waya ukiungua ukutani. Breka hupima wingi wa umeme; joto la ukuta hailijui. Kwa hiyo, kutoanguka kwake kusikupeni utulivu.

Hata hivyo, manjano ya soketi huweza kuwa na chanzo kingine, hasa kwetu pwani ambako hewa ya chumvi hula shaba na skrubu hulegea. Fundi akifungua, na atazame kwa makini. Akikuta weusi umezunguka tundu moja tu, au skrubu moja ina kutu ya kijani, kosa ni la muungano uliolegea. Akikuta kifuniko kizima kimebadilika rangi sawasawa, na ganda la nyaya limekauka hata likikunjwa linapasuka kama ganda la karanga, kosa ni la ukuta. Huenda yakawepo yote mawili.

Ikiwa ni ukuta, dawa ni kuuhamisha waya. Nyaya za nyuma ya tanuri zikatwe umeme kabisa na kuachwa, kisha zipitishwe mpya kwenye ukuta mwingine, nayo soketi iwekwe kando, mbali na mdomo wa tanuri, kwa sababu joto hupanda juu. Paipu ya chuma pekee haitawafaa, maana nayo hupata moto, na ni lazima iungwe na waya wa ardhi. Akague pia nyaya zilizopigiliwa kwenye boriti za dari juu ya tanuri, kwani mti uliokaushwa na joto kwa muda mrefu hushika moto kwa urahisi zaidi.

Waya wa feni utoke mbele na chini, usipite nyuma wala kugusa mwili wa tanuri. Sehemu isiyoepukika joto itumie waya wa silikoni unaostahimili nyuzi 180 za Selsiasi, wenye viunganishi vya kauri, na muungano wake na waya wa kawaida uwe mahali ambapo kiganja kinatulia bila kuhisi moto. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: stima ikipotea, feni husimama lakini kuni haziachi kuwaka, na ndipo shubaka linapopata moto kuliko wakati wowote. Waya uchaguliwe kwa hali hiyo ya feni kusimama.

Mwili wa tanuri ni chuma, na nyinyi mnaushika mikono ikiwa na maji. Ganda la waya likiyeyuka juu yake, tanuri zima hupata umeme. Waya wa feni uwe na nyaya tatu ndani yake, ule wa ardhi ufungwe imara kwenye chuma, na sakiti iwekewe swichi ya kinga ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja.

Kazi hii mpeni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, na aipime kwa mita insulesheni ya nyaya, yaani ganda linalozuia umeme usivuje, kabla ya kuwasha. Ikiwa oda haziwezi kungoja, okeni kwa moto mdogo bila feni, breka ile ikiwa chini, na birika mlichomeke chumba kingine.