Kukaa kimya na kuhesabu pumzi kila asubuhi: yafaa kwa Muislamu?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo, Mombasa. Tangu mume wangu aachishwe kazi, moyo hautulii. Usiku nageukageuka tu, na mlango ukibishwa nadhani ni mwenye nyumba. Jirani yangu afanyaye kazi hoteli ya ufuoni aniambia wageni wao hukaa kimya dakika kumi kila asubuhi, macho wameyafumba, wahesabu pumzi, waiita meditesheni. Naye amejaribu, sasa alala vizuri. Je, si haramu? Na dini yetu ina kitu kama hicho?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Mola akufungulieni mlango wa riziki wewe na mumeo.

Kuketi kimya na kuvuta pumzi polepole si ibada ya mtu yeyote. Ni mwili kupumzishwa, kama kunyoosha miguu baada ya kusimama karaini asubuhi nzima, na asili ya mambo kama hayo ni ruhusa. Uharibifu huja na kinachoambatishwa. Ukipewa neno la kurudiarudia, kumbe ni jina la mungu wa watu wengine, au ukaambiwa wewe na Mola wako ni kitu kimoja, ondoka hapo. Jirani yako kwa kuhesabu pumzi hakukosea. Ila mimi nakuuliza: dakika kumi utaketi, mbona uhesabu pumzi tupu nawe una jina la Mola wako?

Kitu hicho tunacho, tena kwa mwanamke kama wewe. Imepokewa na Imamu Muslim, katika mkusanyiko wake wa hadithi, kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka asubuhi akamwacha mkewe, Bi Juwayriya (r.a.), ameketi anaposalia. Akarudi jua limeshapanda, yuko palepale. Akamwuliza kama bado yu katika hali ile, akajibu ndiyo. Mtume akamwambia kwamba tangu amwache amesema maneno manne mara tatu, lau yangepimwa na yote aliyoyasema bibi tangu asubuhi, yangeyashinda uzito: Subhanallahi wabihamdihi, adada khalqihi, wa ridhaa nafsihi, wa zinata arshihi, wa midada kalimatihi. Yaani, ametakasika Mwenyezi Mungu na sifa njema ni zake, kwa idadi ya viumbe vyake, kwa radhi yake, kwa uzito wa Arshi yake na kwa wino wa maneno yake. Kwa kuketi kule hakumlaumu. Lakini alimwonyesha njia fupi, na mama wa watoto wanne ahitaji njia fupi.

Basi fanya hivi. Nadhani wewe husali Alfajiri unga wa mahamri umeshaukata, umeupanga kwenye sinia na kuufunika kitambaa uumuke. Muda ule hakuna la kufanya. Hata ukiufunua kila dakika, hauharakishi. Usiinuke mswalani. Vuta pumzi taratibu, sema maneno hayo mara tatu, kisha Subhanallahi wabihamdihi kwa sauti unayoisikia wewe tu. Qur'ani yasema, katika Al-A'raf aya ya 205, tumkumbuke Mola nafsini mwetu kwa unyenyekevu, bila kupaza sauti, asubuhi na jioni.

Moyo utatoroka. Utasema subhanallah huku wahesabu kodi. Usijichukie, wala usianze upya. Ukigundua umefika kwa mwenye nyumba, rudi kwenye neno ulipoliachia. Huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe. Atakayekwambia yeye hatoroki, mwombe dua.

Wala usijirundikie. Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Mimi ujanani nilijipangia nyiradi, yaani dhikri za kila siku, za saa nzima, nikadumu nazo wiki tatu, kisha nikaacha hata zile kidogo nilizokuwa nazo mwanzo. Na ile kauli kwamba kutafakari saa moja ni bora kuliko ibada ya miaka sitini haikuthibiti kwa Mtume, ingawa huitwa hadithi mpaka mimbarini. Kutafakari hakuhitaji kusaidiwa na uongo. Aal Imran aya ya 190 na 191, zinazowasifu watafakario uumbaji wa mbingu na ardhi, zatosha.

Kwa usingizi, shika aliyofundishwa Bi Fatma (r.a.), binti wa Mtume. Mikono ilimuuma kwa kusaga, akaenda kumwomba babake mtumishi. Akafundishwa yeye na mumewe, Sayyidna Ali, waseme wapandapo kitandani subhanallah 33, alhamdulillah 33 na Allahu akbar 34, wakaambiwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Jiwe la kusagia, lakini, lilibaki palepale. Dhikri haikulipii kodi. Itakupa kifua cha kumwendea mwenye nyumba kabla hajabisha, umwambie hali ilivyo na mwezi huu waweza kutoa kiasi gani. Na kama wiki zapita hulali, nenda hospitali. Kutafuta tiba si upungufu wa imani.

Udhu si sharti, na siku za hedhi usiache. Swala ndiyo imekuondokea, dhikri haijakuondokea. Hesabu kwa vidole. Simu iache chumbani, maana ukiishika kwa ajili ya tasbihi utaingia kwenye meseji za kikundi cha chama, na mahamri yatakuwa yameshapitiliza.

Wallahu aalam.