Bega limeganda: je, livutwe kwa nguvu mpaka lilegee?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 53 na nina kisukari cha siku nyingi. Miezi 5 iliyopita bega la kushoto lilianza kuuma taratibu. Sikuanguka wala sikugonga popote. Sasa siwezi kufunga sidiria kwa nyuma, kuchana nywele ni shida, na usiku nikigeukia upande huo nashtuka kwa maumivu. Picha ya eksirei ilitoka safi. Mume wangu hunivuta mkono kila jioni ili ulegee, ila siku akivuta sana silali kabisa. Daktari ametaja sindano ndani ya bega, nami naiogopa kwa sababu ya sukari. Je, niendelee kuvutwa? Nichome hiyo sindano? Na haya yataisha lini?

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na la kuvutwa: mwambie mzee aache leo hii. Nia yake ni njema, lakini anavuta kiungo ambacho kwa sasa kimevimba ndani, na kukosa usingizi baada ya kuvutwa sana ni dalili kwamba kinachokozwa.

Dalili ulizotaja zinaelekea sana kwenye ugonjwa wa bega kuganda, ila ni lazima mtu akupime kwa mikono yake. Unaweza kujitazama kwanza. Kaa wima, bana viwiko mbavuni, vikunje, halafu peleka viganja nje, kila kimoja upande wake. Mkono mgonjwa ukigoma mapema kuliko mwenzake, muombe mtu ausogeze taratibu zaidi ya hapo. Ukikwama palepale hata ukisukumwa na mwingine, kilichobana ni kiungo chenyewe. Msuli au kano ikichanika hali huwa tofauti: mgonjwa anashindwa kuinua mkono mwenyewe, lakini mara nyingi mtu mwingine akimwinulia unapanda.

Usivunjike moyo kwa sababu ya eksirei kuwa safi. Picha hiyo huonyesha mifupa, na ugonjwa huu hauko kwenye mfupa. Faida yake ni kuondoa wasiwasi wa mambo mengine, kama vile kiungo kulika au bega kuteguka bila mtu kujua.

Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko laini. Upande wa kwapani kifuko hicho kina mkunjo uliolegea kama kwapa la shati pana, na mkunjo huo ndio unaofunguka unapoinua mkono. Bega likiganda, kifuko huvimba, kisha huwa kinene na kusinyaa. Kiungo kizima huweza kupokea maji ya mililita 20 hivi au zaidi. Kilichoganda mara nyingi hakifikishi hata 10. Ernest Codman, mpasuaji wa Marekani aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1934, alikiri kwamba ni mgumu kuutibu na mgumu kuueleza. Kuutibu tumepiga hatua. Kwa nini hasa kifuko cha mtu fulani kianze kusinyaa, bado hatujapata jibu kamili. Tunachojua ni kwamba huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, wenye kisukari mara kadhaa zaidi ya wengine, na pia wenye matatizo ya tezi ya thairoidi au waliokaa na mkono bila kuutumia baada ya upasuaji, kuvunjika au kiharusi.

Ugonjwa huu hupita katika vipindi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea matibabu. Kipindi cha kwanza ni cha maumivu, hasa ya usiku, huku bega likizidi kukaza. Huchukua kati ya miezi 2 na 9. Cha pili, maumivu hupungua lakini ukakamavu hubaki, miezi 4 hadi 12. Cha tatu, bega hulegea pole pole, na hicho kinaweza kwenda mwaka mmoja, miwili, hata zaidi. Mazoezi yanayomfaa mtu wa kipindi cha tatu yanaweza kumuumiza wa kipindi cha kwanza. Wewe bado unashtuka usiku, kwa hiyo nakuhesabu kwenye cha kwanza.

Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 77 kwa miaka 2. Kundi moja lilinyooshwa kwa nguvu hadi kupita mpaka wa maumivu. Jingine lilitumia mkono na kufanya mazoezi ndani ya mpaka huo tu. Walioachwa waende taratibu, asilimia 89 walirudia hali ya kawaida au karibu nayo. Walionyooshwa kwa nguvu, asilimia 63. Utafiti huo ni mdogo na siutegemei peke yake, ila unakubaliana kabisa na ninayoyaona kazini.

Kwa hiyo kwa sasa, fanya machache, mara nyingi, bila kujikomoa. Egemea meza kwa mkono mzima, inama, uache mkono mgonjwa uning'inie, kisha uubembeze mbele na nyuma, halafu kwa duara dogo, dakika moja au mbili. Ukiwa umekaa, weka viganja juu ya meza uvitelezeshe mbele mpaka uhisi mvuto, rudi. Ukiwa umelala chali na viwiko vimebana mbavuni, shika fimbo kwa mikono yote miwili na utumie mkono mzima kuusukuma ule mgonjwa nje taratibu. Mara 10 kwa kila zoezi, mara 3 kwa siku, zinatosha. Uchungu mdogo unaotulia muda mfupi baada ya mazoezi hauna neno. Ukikufuata mpaka kitandani, umezidisha. Punguza kesho, usiache. Lile zoezi la kuvuta taulo nyuma ya mgongo, ambalo kila mtu hulipendekeza, liweke kando kwanza. Mkono kwenda mgongoni kwa kawaida ndiyo hurudi mwisho, na kuulazimisha mapema ni kujitafutia usiku mrefu.

Usifunge mkono kwa kitambaa shingoni. Vaa nguo kwa kuanza na mkono mgonjwa, vua kwa kumalizia nao. Sidiria ifunge mbele kisha uizungushe. Usiku lala chali na mto mdogo chini ya kiwiko ili bega lisidondoke nyuma, au lalia upande mzima ukikumbatia mto. Maji ya moto kabla ya mazoezi husaidia wengi. Vidonge kama ibuprofeni usimeze kiholela: mwenye kisukari anaweza kuwa na figo zilizochoka au presha bila kujua, kwa hiyo muulize daktari wako kwanza.

Sindano sasa. Mimi ningekuunga mkono uichome, na mapema kuliko baadaye. Steroidi, dawa inayotumika kwenye sindano hiyo, ikiwekwa ndani ya kiungo hutuliza uvimbe, na faida yake ni kubwa wakati maumivu bado ni makali. Bega likishakakamaa bila kuuma, haina kazi kubwa. Hofu yako ya sukari ina msingi. Hupanda, kwa kawaida kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja au zaidi. Kabla ya kuchomwa, kubaliana na daktari utapima mara ngapi kwa siku, ni kiwango gani kikifika umpigie simu, na dozi ibadilishwe vipi. Usijibadilishie insulini mwenyewe. Kama sukari yako sasa hivi iko juu sana, ishushwe kwanza. Maumivu yakishapoa, anza mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia bila kuchelewa, maana nafuu hiyo haidumu milele.

Yataisha lini? Wengi huchukua mwaka 1 hadi 3, na mwenye kisukari huelekea kwenye mwisho mrefu wa kipimo hicho. Wapo wanaobaki na ukakamavu kidogo usiowazuia kufanya kazi zao. Baada ya miezi 6 hivi ya matibabu bila badiliko, kuna njia nyingine: kupanua kifuko kwa kukijaza maji, kunyooshwa bega ukiwa kwenye nusukaputi, au upasuaji wa tundu dogo wa kukata kifuko kilichobana. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 503, ulilinganisha njia hizo mbili za mwisho na fiziotherapia pamoja na sindano. Baada ya mwaka mmoja hakuna iliyoonekana kuwashinda wenzake kwa tofauti ya maana. Ndiyo maana sikushauri ukimbilie kisu.

Bega lako ni la kushoto, kwa hiyo hili nalisema wazi: maumivu ya bega yakija na kifua kubana, jasho jingi au kukosa pumzi, hayo ni ya dharura, nenda hospitali saa hiyohiyo. Nenda haraka pia bega likiwa jekundu na la moto ukiwa na homa, mkono ukipoteza nguvu au kufa ganzi, au ukikonda bila sababu. Na siku ya sindano, omba upimwe pia wastani wa sukari wa miezi 3, na tezi ya thairoidi kama hujawahi kuipima.