Karakana ya Mama Fundi: Duara lililogeuka yai

Barua nne mwezi huu, zote za mashine ndogo za CNC za kuchongea nyumbani, zile zinazoongozwa na kompyuta. Ombi moja kabla sijazijibu: mficha uchi hazai. Ukiniandikia, taja namba zako: mwendo, kina, unene wa biti (kile kisu kinachozunguka), na alichosema kompyuta neno kwa neno. "Mashine inasumbua" ni malalamiko tu, na malalamiko siwezi kuyapima.

*Shikamoo Mama Fundi. Nimeunganisha mashine yenye skrubu za T8, mota tatu za hatua na ubao wa kudhibiti wenye GRBL, programu inayoiendesha. Nikiiamuru ikate kisahani cha duara cha mm 50, upande wa Y napata 50, upande wa X napata 49.6, na ubavu wa kulia na wa kushoto umebapa kama umepigwa tupa. Nilibadilisha $100 (hatua za mota kwa kila milimita ya X) kutoka 800 hadi 806.45 na duara likakaa sawa. Furaha iliishia hapo, maana mtaro wa mm 100 sasa unatoka 100.8. Nimekosea wapi? – Mwenye Yai*

Marahaba, mwanangu. Wewe umetaja namba, kwa hiyo wewe tutaongea kwa kirefu.

Kwanza rudisha 800 yako. Hiyo namba haikuokotwa. Mota yako hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, ubao unagawa kila hatua mara 16, jumla 3,200. Skrubu yako inasogeza mkokoteni mm 4 kwa mzunguko. Gawanya 3,200 kwa 4 upate 800. Ingekuwa skrubu ya mm 8 kwa mzunguko, ungeandika 400. Namba imetoka kwenye meno ya skrubu, na meno hayabadiliki kwa sababu duara limekuudhi.

Ugonjwa wako ni mlegezo, na ule ubapa ndio uliokusaliti. Kwenye duara, X hugeuza mwelekeo mahali pawili tu: ukingo wa kulia kabisa na wa kushoto kabisa. Hapo mota inazunguka, lakini kuna kitu njiani ambacho bado hakijashika upande wa pili. Y inaendelea kutembea, X imesimama, na biti inachora mstari ulionyooka pale palipotakiwa kupinda. Mtaro wako ulikatwa kwenda upande mmoja tu, mlegezo haukupata nafasi ya kujitokeza, basi ule uongo ulioujaza kwenye $100 ukaonekana wote.

Siku nyingine, kabla ya kugusa kibodi, kata miraba miwili, mmoja wa mm 20 na mwingine wa mm 100, kisha ipime kwa kalipa. Mdogo umepungua 0.4 na mkubwa nao 0.4? Mlegezo. Mdogo umepungua 0.08 na mkubwa 0.4? Kosa linakua pamoja na kipimo, na hapo ndipo $100 ina hatia. Na kama kila ukikata unapata jibu jingine, au kazi inaanza vizuri halafu inahamia upande mmoja katikati ya safari, mota inapoteza hatua: umeipa kasi au mchapuko kuliko nguvu yake, umeme wake umewekwa mdogo, au kuna mahali skrubu inakwama. (Yai lako lingekuwa limelala mshazari, ningekutuma kwenye fremu: pima kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Vipimo visipolingana, fremu haijakaa skwea.)

Sasa tafuta kilicholegea. Andika $1=255 ili mota zibaki zimeshika hata mashine ikiwa imesimama. Shika mkokoteni wa X kwa mkono, vuta, sukuma, na macho yawe kwenye skrubu. Skrubu nzima ikicheza mbele na nyuma, beringi au pete inayoizuia mwishoni imelegea. Skrubu ikitulia lakini mkokoteni ukacheza, ni nati. Skrubu ikijizungusha kidogo huku shafti ya mota imetulia, ni kiunganishi kati yao. Nilitengeneza cherehani miaka mingi kabla sijagusa mota ya hatua, na mteja alikuwa ananiletea mashine inayoruka mishono akiwa ameshazungusha kila kitasa cha kukaza uzi, kumbe sindano imelegea. Nilimcheka kimoyomoyo. Kisha nikapata CNC, nikapoteza Jumamosi mbili na kurasa sita za daftari nikijaribu namba za $100, kumbe kijiskrubu cha kiunganishi kilikuwa kimekaa kwenye mviringo wa shafti badala ya sehemu yake iliyobapa. Sikumcheka mtu tena.

Kama ni nati, weka ile ya vipande viwili yenye springi katikati. Kaza mpaka mchezo uishe, lakini uweze bado kuzungusha skrubu kwa vidole umeme ukiwa umezimwa. Ukizidisha, utaponya mlegezo na kununua upotevu wa hatua. Na ukihitaji kuchomoa waya wa mota, zima umeme kwanza. Kuuchomoa ukiwa na umeme kunaweza kuua chipu inayoiendesha papo hapo.

*Mama Fundi, nimechora kibao cha mm 60 lakini mashine inataka kwenda mpaka mwisho wa reli na kuendelea. Namba kwenye skrini inasema 1,524. Imerogwa? – Mwenye Kibao Kidogo*

Gawanya 1,524 kwa 60. Umepata 25.4, yaani milimita za inchi moja. Mchoro umetoka kwa milimita, mashine inausoma kwa inchi. Weka G21, amri ya milimita, mwanzoni mwa faili na mchawi ataondoka.

*Shikamoo. Mashine yangu husimama katikati ya kazi na kuandika ALARM:1, ilhali haijagusa swichi yoyote ya kikomo (zile za kuisimamisha mwisho wa reli). Nikiandika $X inaendelea, lakini inachonga pembeni ya pale ilipoachia. Ajabu ni kwamba bila ya mashine ya kufyonza vumbi haina shida. – Mpenda Usafi*

Marahaba. Umejijibu katika sentensi ya mwisho, nami nakupongeza kwa kuichunguza. Mota ya kifyonza vumbi inamwaga kelele za umeme, na unga wa mbao ukipita kasi kwenye bomba la plastiki hutengeneza umeme tuli. Waya mrefu wa swichi ya kikomo unaudaka kama antena, ubao unadhani swichi imebonyezwa.

Weka $21=0 kwa muda ili ubao usizisikilize swichi hizo, ukate mbao isiyo na thamani huku kifyonza kinanguruma. King'ora kisiporudi, mshtakiwa amepatikana. Usiiache hivyo, hizo swichi zina kazi yake. Toa kifyonza kwenye soketi moja na mashine. Tenganisha waya za swichi na za mota ya biti, zisilale pamoja kwenye mfereji mmoja. Tumia kebo yenye wavu wa kinga, na wavu huo uuunge kwenye ardhi upande mmoja tu. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa swichi na ardhi, karibu na ubao, husaidia sana. Mimi hupenda pia kubadili swichi ziwe za kufunga muda wote, yaani zinazopitisha umeme mpaka zibonyezwe, na kuandika $5=1 ili ubao uzisome kinyume, kwa sababu waya ukikatika mashine inasimama, haiendi kujigonga kwa kiburi. Bomba nalo pitishia waya mtupu ndani, mwisho wake kwenye ardhi.

Kuhusu $X: inafungua kufuli tu. Baada ya king'ora hicho mashine haina uhakika tena iko wapi, ndiyo maana inachonga pembeni. Kama umeweka utaratibu wa kurudi nyumbani, andika $H, kisha endelea na sifuri yako ya kazi.

Na kama siku moja itasimama kifyonza kikiwa kimezimwa, bila king'ora, tazama laptopu. Huenda imelala usingizi.

*Mama, plaiwudi yangu inaungua na kuwa nyeusi kingoni, na nimevunja biti tatu za mm 3. Nimepunguza mwendo mpaka mm 100 kwa dakika ili nisiichoshe mashine, bado. Mizunguko ni 10,000, biti ina makali mawili, nakata mm 3 kwa mkupuo mmoja. – Binti wa Moshi*

Binti yangu, huruma yako ndiyo inayochoma. Makali mawili mara mizunguko 10,000 ni mikato 20,000 kwa dakika. Ukitembea mm 100 tu, kila mkato unapata mm 0.005 ya mbao. Hapo biti haikati, inasugua, na kusugua ndiko tulikowashia moto tangu zamani. Anza na mm 0.02 kwa kila mkato: 20,000 mara 0.02 ni mm 400 kwa dakika. Mashine yako ikishindwa kutembea hivyo, shusha mizunguko iwe 5,000 na utembee mm 200, hesabu ni ileile.

Kina ndicho kilichovunja. Kata mm 1 kwa mkupuo, upite mara tatu. Biti isichomoze kwenye koleti (kishikio chake) kuliko inavyohitajika, na koleti uipulizie vumbi kabla ya kukaza. Vaa miwani, kipande cha biti hakichagui pa kwenda. Glavu acha.

Kisha zima, chukua kilichodondoka na ukisugue kati ya vidole. Ukihisi unga laini kama poda, ongeza mwendo kidogo. Ukihisi chenga zenye kona, acha hapohapo.