Amri ya arifa ni mstari mmoja, kazi ni kuifikisha kwenye skrini

Mkuu, umesema ukiendesha skripti yako kwa mkono arifa inachomoza vizuri pembeni mwa skrini, ila ukiikabidhi kwa cron, kipanga ratiba cha Linux, hupati kitu, wala huoni kosa lolote. Nakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu jambo hili hili lilinila wiki tatu, na mimi wala sikujua kwamba naliwa.

Nilikuwa na skripti ya kunakili nyaraka zangu kwenye diski ya nje kila usiku. Inaangalia kwanza kama diski ipo, kisha inaita rsync, programu ya kunakili mafaili. Mwishoni nikaweka notify-send, amri ya kutoa arifa kwenye Linux, ifanye kazi pale tu mambo yakiharibika. Nikachomoa diski, nikaiendesha kwa mkono, arifa nyekundu ikaja. Safi. Nikairudisha diski, nikaandika mstari kwenye crontab, faili la ratiba za cron, nikasahau. Wiki tatu kimya, na kila nikikumbuka najisemea kuwa kimya maana yake salama. Halafu siku moja nikafuta faili kimakosa, nikaenda kulichukua kwenye nakala, nikakuta nakala ya mwisho ni ya siku ile ile ya majaribio. Diski ilikuwa inapachikwa kwa jina tofauti na nililoandika kwenye skripti. Kila usiku skripti ilishindwa, na kila usiku ilijaribu kuniambia. Haikuwa na njia ya kunifikia.

Sababu ni hii. notify-send yenyewe haichori kitu. Inatuma ujumbe kupitia D-Bus, mkondo ambao programu huzungumzia zenyewe kwa zenyewe, kwa huduma iitwayo org.freedesktop.Notifications, na anayechora ni mazingira yako ya eneokazi: GNOME, Plasma, au kama unatumia kidhibiti dirisha kitupu, programu kama dunst au mako. Mkondo huo wa D-Bus ni wa kikao chako ulichoingia. Terminali imezaliwa ndani ya kikao, kwa hiyo inarithi anwani yake. Cron haikuzaliwa humo. Inaipa skripti yako vigeu vya mazingira vichache tu, HOME, SHELL, LOGNAME na PATH fupi, basi. notify-send inatafuta mkondo, inaukosa, inalalamika, na malalamiko yake cron inataka kuyatuma kwa barua pepe ya ndani ya mashine, ambayo kwenye kompyuta nyingi za binafsi haijawekwa. Ndiyo maana huoni kosa.

Dawa ya haraka, kama mfumo wako unatumia systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi), ni kuweka mistari hii juu ya skripti:

export XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/$(id -u)
export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=$XDG_RUNTIME_DIR/bus

Utakutana na ushauri wa zamani wa kuweka DISPLAY=:0 tu. Kwangu haukutosha. Na kama mstari wako uko kwenye crontab ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, id -u itatoa namba yake, 0, na root hana eneokazi la kuonyeshwa chochote. Hapo itabidi amri ivae sura yako:

sudo -u jinalako DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus notify-send "Nakala imeshindwa"

Hiyo 1000 mara nyingi ndiyo namba ya mtumiaji wa kwanza, lakini hakikisha ya kwako kwa id -u kabla ya kunakili.

Mimi mwenyewe niliachana na cron kwa kazi za namna hii. Nimeandika nakala.service (kazi yenyewe) na nakala.timer (ratiba yake) ndani ya ~/.config/systemd/user, nikawasha kwa systemctl --user enable --now nakala.timer. Inayoziendesha ni systemd ya mtumiaji, ambayo mkondo inaujua tayari, kwa hiyo ile mistari miwili ya juu haihitajiki. Ukiongeza Persistent=true kwenye timer yenye OnCalendar, kazi iliyopitwa mashine ikiwa imezimwa itafanywa ikiwashwa nawe ukaingia. Lakini kilichonivutia hasa ni OnFailure=. Unaitajia huduma nyingine ndogo ambayo kazi yake ni notify-send tu, na inaitwa huduma ya kwanza ikifeli. Tofauti ni kubwa: arifa iliyo mstari wa mwisho wa skripti haitoki kama skripti imekufa mstari wa tatu. Angalizo kwa watumiaji wa rsync: hutoa msimbo 24 pale mafaili yanapotoweka katikati ya kunakili, jambo la kawaida tu, kwa hiyo weka SuccessExitStatus=24 usije ukashtuliwa bure.

Bado swali la kimya linabaki. Wapo wanaotuma arifa ya “imefanikiwa” kila siku. Nilijaribu, siku ya nne jicho likaacha kuiona. Sasa nina skripti ya pili isiyojali kama ya kwanza ilisema nini. Inaangalia tu umri wa nakala mpya kabisa, ikizidi siku mbili inapiga kelele. Utaniuliza huyo mlinzi naye analindwa na nani. Basi nimeweka mstari mmoja kwenye .bashrc unaonionyesha tarehe ya nakala ya mwisho kila nikifungua terminali.

Kwa amri ndefu unazoziendesha mwenyewe na kwenda kufanya mengine, mambo ni mepesi. Usiunganishe na notify-send kwa && peke yake, maana amri ikifeli hutaambiwa, utaendelea kusubiri kitu kilichokufa zamani. Tumia nukta mkato. Ukiwa na Ubuntu, fungua .bashrc uangalie: kuna lakabu iitwayo alert iliyokuja na mfumo, inayosoma $? (msimbo wa matokeo ya amri iliyotangulia) na kubadilisha ikoni kulingana na matokeo. Andika sleep 10; alert uone. Niliitumia mashine miaka bila kujua ipo.

Kwenye Mac ni osascript -e 'display notification "Imekwisha" with title "Nakala"'. Isipotokea, kaangalie ruhusa za arifa kwenye mipangilio kabla hujailaumu skripti. Kwenye Windows wengi tunatumia moduli ya BurntToast ndani ya PowerShell, na ugonjwa ni ule ule wa cron: kazi ya Task Scheduler iliyowekwa iendeshwe hata kama mtumiaji hajaingia haitafika kwenye skrini yako. Chagua iendeshwe mtumiaji akiwa ameingia tu.

Ukiwa umeingia mashine ya mbali kwa ssh, notify-send itatafuta skrini ya huko huko. Tumia kengele ya terminali, printf '\a', kwa sababu hiyo inasafiri na maandishi hadi kwako, na terminali nyingi zinaweza kuigeuza ishara ya kuonekana.

Moja la mwisho, maana lilinichekesha baadaye, si siku ile. Niliandika skripti ya betri inayokagua kila dakika, arifa zake nikazipa -u critical, yaani daraja la dharura. Arifa za daraja hilo kwa kawaida hazififii zenyewe, zinasubiri uzifunge. Nilitoka na kuiacha mashine ikiwa na chaji kidogo, niliporudi skrini ilikuwa imejengwa ukuta. Matoleo mapya ya notify-send yana -p inayokupa namba ya arifa na -r ya kuibadilisha ile ile, hivyo unabaki na moja tu. Na -t ya muda usiitegemee, GNOME huipuuza.

Kabla hujarudisha yako kwenye ratiba, ijaribu ikiwa uchi namna cron itakavyoiona:

env -i HOME=$HOME PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh skripti.sh

Kosa litatokea mbele ya macho yako. Likikushinda, libandike hapa lilivyo tuliangalie.