Kamera ya safari ya pikipiki: majibu ya maswali yenu

Kamera gani ni nzuri kwa safari za pikipiki?

Wewe ni wa kumi na ngapi sijui. Hukusema una fedha kiasi gani, unapita lami au vumbi, unapiga milima au sura za watu. Mimi si mpiga ramli. Soma majibu yaliyo hapa chini, kisha rudi na swali lililokamilika.

Simu yangu inapiga picha safi na huwa nimeifunga kwenye usukani inionyeshe njia. Nina haja ya kamera?

Huenda huna. Ila iondoe hapo kwenye usukani. Kamera za simu nyingi za sasa zina lenzi au kihisi (kibamba cha nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga) kinachosogezwa kwa sumaku, ili mkono ukicheza picha isicheze. Injini ya pikipiki inakitikisa kifaa hicho saa nzima bila kupumzika. Septemba 2021 Apple wenyewe waliwatahadharisha wenye iPhone kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki, inayopitia kwenye fremu na usukani, inaweza kudhoofisha mfumo huo. Kwa pikipiki ndogo na za umeme walishauri kishikizo kinachofyonza mitetemo. Njia sikiliza kwa masikio, simu iwe mfukoni.

Nimeona mbili dukani, moja ina megapikseli 20 na nyingine 48. Nichukue ya 48?

Kwa sababu hiyo tu, hapana. Mtaachana lini na hizi megapikseli, yaani mamilioni ya vidoti vinavyojenga picha? Picha ya megapikseli 12 unaichapisha ukubwa wa ukurasa wa gazeti na hakuna atakayelalamika. Uliza ukubwa wa kihisi, kile kibamba cha nyuma ya lenzi. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Kile kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne. (Ndiyo, hata hicho hakifiki inchi moja ukikipima. Ni jina tu la kibiashara.) Tofauti utaiona jioni, jua linapozama nawe ndiyo kwanza unaegesha: kihisi kidogo kitakupa picha yenye chenga chenga kama mchanga.

Nichague ndogo yenye lenzi inayochomoza, au ile isiyoingiza maji?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Niliwahi kuwa na kamera ndogo nzuri sana, ya lenzi inayochomoza ukiiwasha. Siku ya nne ya safari ya vumbi lenzi ilitoka nusu, ikasaga *krrr* kama jino linalotafuna kokoto, ikagoma. Nilipuliza, nikapangusa kwa mswaki, nikaigonga gonga kiganjani. Haikurudi ndani wala haikutoka. Vumbi la barabarani ni laini kama unga, na kila lenzi inapoingia inalivuta ndani. Hata kesi ya kitambaa haikusaidia, kwa sababu vumbi lilikuwa limejaa humo humo ndani ya kesi.

Kwa hiyo kama njia zako ni za udongo, chukua isiyoingiza maji, ambayo lenzi yake inajongea ndani kwa ndani. Mfano unaojulikana ni OM System TG-7 ya mwaka 2023: inazama mita 15, inavumilia kuanguka kutoka mita 2.1, na ina megapikseli 12 tu. Kihisi chake ni kile kidogo, kwa hiyo usitegemee miujiza usiku. Na kabla ya kufunga kile kimlango cha betri, pitisha kidole kwenye mpira wake. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Vidole vyenyewe viwe safi: dawa za mbu zenye DEET hulainisha baadhi ya plastiki, na nimeona mshiko wa kamera ukinata kama ubani uliotafunwa.

Lami tupu? Basi ya kihisi cha inchi 1, na uifunge kwenye mfuko wa plastiki wa zipu.

Sumaku za begi linalonata juu ya tangi la mafuta zitafuta picha kwenye kadi?

Hapana. Kadi hizo hazihifadhi kitu kwa sumaku. Hofia mtetemo, maana hulegeza skurubu za lenzi: tandika sponji nene chini. Kamera usiitie kwenye sanduku la nyuma ukalifunga kwa ufunguo, kwani hutashuka kuitoa. Kipimo changu ni hiki: ukiwa umesimama, glovu mkononi, kamera iwe tayari ndani ya sekunde kumi. Halafu kuna wanaoining'iniza kifuani chini ya koti. Ukianguka, lile pande gumu ndilo litakalokutana na mbavu zako.

Naweza kupiga kwa mkono mmoja huku naendesha?

Hapana.

Betri ngapi?

Tatu, na kamera iwe inachajiwa kwa waya wa USB, upate kuichaji kwenye pikipiki yenyewe. Kwenye baridi betri huishiwa mapema, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kadi nazo ziwe mbili ndogo badala ya moja kubwa, na uzijaribu nyumbani kwa kuzijaza hadi mwisho, maana za bandia zimejaa na huwa zinadanganya ukubwa.

Ile kamera ya kubandika kwenye kofia haitoshi?

Kwa video ya barabara inatosha sana. Kwa picha, lenzi yake ni pana mno: mlima uliokufanya usimame utaukuta kwenye picha umekuwa kichuguu, huku kioo cha pembeni cha pikipiki yako kikionekana vizuri kabisa. Na soma sheria za huko unakokwenda kabla ya kubandika chochote kwenye kofia, kwani si kila mahali panaruhusiwa.