Shangazi Nijibu: Nasali nao ila sio mwenzao

Shikamoo shangazi. Nina watoto wawili, tumehamia Dar mwaka jana tukitokea Songea. Kule nilikua WAWATA, ule umoja wa wanawake wakatoliki, damu damu, mtu akijifungua tunaenda, akifiwa tunalala hukohuko. Huku nina miezi minane kwenye jumuiya ya mtaani, Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nimeshafika, tunasali tunasoma Injili alafu kila mtu huyoo, hata jina langu hawalijui naitwa yule mama wa geti jeusi. WAWATA nayo nikitaka kujiandikisha naambiwa kwanza sare, na hela sina sa hivi. Jirani yangu ana kikundi chao cha maombi, wananikumbatia wananiita dada, nihamie huko?
Mama wa Geti Jeusi, Kinyerezi

Marahaba mwanangu. Nimecheka, maana mi nilipohamia Tabata niliitwa Mama Korola karibu mwaka mzima na gari lenyewe lilikua la shemeji.

Watu wa Dar sio kwamba hawana roho, Jumamosi ndio siku yao ya kufua, ya kikoba na ya harusi, ukisubiri undugu uje kwenye zile dakika arobaini za Injili utasubiri sana. Mimi nilipokelewa msibani. Marehemu mwenyewe nilikua simjui, nikabeba kisu changu nikakaa kwenye beseni la vitunguu na wamama wawili, yaani mpaka vinaisha tushaambiana mambo ambayo hata mama yangu hayajui, na mmoja wao ndo alikuja kumsimamia binti yangu kipaimara.

Alafu jumuiya si inazunguka nyumba kwa nyumba, wewe zamu ushaomba? Omba. Chai ya rangi na mihogo inatosha, usije ukapika pilau ukawatia presha wenzio wa wiki ijayo.

Sare isikunyime usingizi. WAWATA ipo tangu 1972 na wamama wasio na kitu wamo tele, mfate mwenyekiti pembeni, sio mbele za watu, mwambie nitalipa kidogo kidogo. Na barua ya utambulisho ya parokia ya Songea ulichukua? Kama bado pigia watu wako wa kule, maana huku ukipata shida au msiba swali la kwanza ni jumuiya yako ipi.

Kwa jirani sikukatazi, kukumbatiwa kutamu bwana. Ila kosa wiki mbili uone nani anapiga simu kuuliza unaumwa au vipi, na wakianza habari za kupanda mbegu ya laki kabla hawajajua wanao wanaitwaje, chukua kanga yako urudi. Jaribu hivyohivyo na kwenye jumuiya yako, maana na sisi tuna wamama wenye vikundi vyao wanaotazama mgeni kama mdai, ukiona ndo hao ongea na katekista.

Mihogo iwe ya nazi.