Mume alinikimbiza Lisbon nzima, sasa hatusemezani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mume wangu ni wa Malindi, makazi yetu sasa ni Uingereza. Mwezi uliopita tuliwaacha watoto kwa wifi yangu tukaenda Lisbon, Ureno, mara ya kwanza sisi wawili peke yetu tangu tuanze kuzaa. Kabla ya safari aliniuliza nataka kuona nini, nikamwambia popote tu. Siku ya pili akanitoa hotelini saa mbili asubuhi, orodha iko kwenye simu: ngome, tramu, lifti, mnara, kanisa. Nami nimevaa viatu vipya. Alasiri, kwenye foleni ya kwenda kuona kaburi la Vasco da Gama, nikapiga kelele kwamba simfuati tena, na kwamba safari yenyewe imelipiwa na pesa yangu ya upatu. Watu wakageuka. Akaingia peke yake. Tangu turudi tunazungumza kupitia watoto. Sasa amekata tiketi za Roma za Desemba. Niende? Na nani amtake radhi mwenzake? — Miguu Mizito*

Marahaba, mwanangu.

Orodha ya bwana'ko umeieleza kwa urefu, lakini lile jibu lako la "popote tu" umelipitia mbio. Mimi naanzia hapo. Mume amekuuliza, nawe ukamwachia siku nzima aipange peke yake, kisha kila alipokupeleka ukawa unamhesabia kosa kimoyomoyo. Wanaoniandikia wengi hawaulizwi hata wanataka kula nini! Wewe uliulizwa.

Hilo halimsafishi yeye. Orodha ile ilikuwa adhabu. Ngome ya São Jorge iko juu ya kilima, na Belém, kwenye kaburi na ule mnara, ni kilomita sita hivi magharibi ya katikati ya mji. Ukitia hapo katikati foleni ya tramu namba 28, vibehewa vidogo ambavyo watalii wote wanavigombania, na foleni ya lifti ya Santa Justa, mashine ya mwaka 1902 isiyobeba watu wengi kwa mara moja, nusu ya siku mmeimaliza mkitazama migongo ya wageni wenzenu. Na kile kibaraza cha juu ya lifti kinafikika kwa miguu kutoka upande wa Carmo, bila kupanga foleni ya chini. Tena njia za mji ule zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo za watu. Kuvishuka vichochoro vya mtaa wa kale wa Alfama na viatu vipya, hapo nakupa pole yangu yote.

Lakini kaburi, mwanangu. Umeliandika kama kituo kimoja tu kati ya vingi, na mimi sidhani kwa bwana'ko lilikuwa hivyo. Mtu wa Malindi amekua akiiona ile nguzo ya Vasco da Gama iliyosimama juu ya mwamba ufukweni. Ameisikia shuleni na kuwaona watalii wakipigwa picha hapo. Leo yuko hatua chache kutoka alikolazwa mwenyewe, ndani ya kanisa la utawa wa Jerónimos, ambao ujenzi wake ulianza 1501, miaka mitatu tu baada ya zile jahazi zake kutia nanga kwao. Yale mengine huenda aliyaokota kwenye simu. Hili alitoka nalo nyumbani.

Nawe mtoto wa Mombasa una haki ya kutotaka kumpangia foleni mtu yule. Aprili 1498 alipita kwenu mambo yakaharibika, akaendelea Malindi, akapokewa vizuri na kupewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Mwaka 1505 Wareno wakarudi na jemadari wao Almeida wakauchoma mji wenu. Kwa hiyo Mombasa na Malindi hawajapatana juu ya mgeni huyu kwa karne tano, na nyinyi mmekwenda kuumalizia ugomvi mlangoni pake! Ungemwambia, "Ingia wewe, mimi siwezi kumzuru yule, nakungoja pale kwenye vile vikeki vya maziwa," angecheka, na mngekuwa na la kusimulia. Uliyataja ya pesa badala yake.

Pesa ya upatu ni yako. Mke ana mali yake, hilo halina ubishi. Ila ulipoitaja mbele ya watu, zawadi ikageuka deni, na sasa kila akikumbuka chakula alichokula Lisbon anajiuliza kama umekiandika. Hilo ndilo linalotakiwa radhi, na wa kuomba ni wewe. Usimtume mtoto, usiandike ujumbe wa simu. Watoto wakishalala, mwambie neno lile lilikutoka vibaya na hutalirudia. Ukiongeza "lakini na wewe nawe," umeharibu, bora ungenyamaza.

Yake yana siku yake. Subiri wiki ipite, kisha umwambie kwa utulivu kwamba alikuona ukichechemea tangu asubuhi na macho yake yalikuwa kwenye simu. Kama ni muungwana, atalimeza.

Roma nenda. Ukikataa, Lisbon itabaki kuwa safari yenu ya mwisho, na mtaizungumzia hivyo kwa watoto. Ila safari hii keti naye kabla, utaje kwa majina mawili unayoyataka wewe. Colosseum na makumbusho ya Vatican tiketi zake zikatwe mapema, na zisiwe za siku moja: moja iko ng'ambo hii ya mto Tiber na nyingine ng'ambo ile, na kila moja inakula nusu siku bila kuona haya. Makumbusho hayo Jumapili nyingi hufungwa, mwangalie asije akaipanga siku hiyo.

Na kama anataka magofu asubuhi nzima nawe unataka kulala, mwache aende, mkutane adhuhuri. Kupeana saa tatu si kupeana talaka.

Shangazi yako